Sababu: Mwendeshaji

Kwenye daftari la zamu la kreni kuna safu moja nyembamba iliyoandikwa "Sababu ya kusimama". Ukisimamisha kazi zaidi ya dakika tatu, unaandika hapo neno moja kati ya manne: upepo, umeme, hitilafu, mwendeshaji. Miaka tisa nimekaa kwenye kile kibanda cha kioo, nimesoma madaftari ya walionitangulia, na nakwambia hakuna mwana wa Adamu aliyewahi kuandika neno la nne. Tumbo likimkata mtu, upepo. Akisinzia, upepo. Akigombana na mkewe kwa simu, upepo. Ukiyaamini madaftari yetu utadhani tunajenga katikati ya kimbunga.

Mimi niliandika mwendeshaji. Tena nikaongeza maelezo, maana mkono wangu ni kama mdomo wangu, haujui kunyamaza. "Saa moja na dakika ishirini hadi saa moja na dakika ishirini na saba. Nilistaajabu. Breki ilifungwa. Mzigo ulikuwa salama." Nikatia sahihi, nikafanya kazi mpaka jioni, nikashuka nikaenda zangu nyumbani. Sikujua kwamba nimejichongea.

Ngoja niseme ilivyokuwa, kwa sababu wameisimulia watu wengi ambao hawakuwepo, na kila mmoja ametia chumvi yake.

Mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, kisha jua likatoka kali. Nilikuwa nimeinua ndoo ya zege, tani mbili na nusu, naipeleka kona ya ghorofa ya tisa ambako walikuwa wanamimina nguzo. Pale ghorofani alikuwepo mpiga ishara wangu, mtu anayenielekeza kwa redio kwa sababu mimi niko juu mno kuona kila kitu. Tunamwita Taratibu, maana ndilo neno lake: taratibu, taratibu, taratibu, shusha. Mimi wananiita Mama Juu. Mkondo wetu wa redio ni wa watu wawili tu, yeye na mimi, na kwa miaka sita sauti yake imekaa sikioni mwangu kuliko hata sauti ya dada yangu ninayeishi naye.

Ndoo ikiwa imebakiza kama mita mbili, niliinua macho. Mabati ya mji mzima yalikuwa yameanza kutoa mvuke. Mvuke mweupe ulikuwa unapanda kutoka kila paa, la shule, la soko, la karakana, la vibanda vya nyuma ya kituo cha mafuta, mpaka kule macho yanakoishia, na jua limeupiga wote kwa ubavu. Kitu cha kawaida kabisa. Bati likilowa na jua likawaka, hutoa mvuke, mtoto wa darasa la tatu anajua. Nimekiona mara mia. Lakini siku hiyo kilinishika. Nikafikiri, chini ya kila bati kuna watu. Kuna mtu anatafuta kiatu cha pili. Kuna mtu anachemsha maji. Kuna mtu anazaliwa, jamani, na mwingine anakata roho, na wote wanapumua, na ule mvuke nikauona kama pumzi zao. Hapo nikafunga breki, nikasema kwenye redio, "Simama."

Baada ya hapo mimi sikuwepo. Sisemi nilizimia, hapana. Macho yalikuwa wazi, mgongo umenyooka, mkono uko kwenye breki. Lakini yule mimi wa siku zote, anayelalamika kiuno, anayehesabu ndoo zilizobaki, anayemsengenya msimamizi kimoyomoyo, alikuwa ametoka. Palibaki kutazama tu. Machozi yalinitiririka wala sikuwa na huzuni. Niliwapenda wote wale walioko chini ya mabati, nikawapenda mpaka kifua kikauma. Kisha mvuke ukaisha, mabati yakawa mabati, nikaangalia saa. Dakika saba.

Kesho yake msimamizi aliniita ofisini kwake, kwenye kontena. Alikuwa amefungua daftari mezani na kidole chake kimelala juu ya mstari wangu.

"Mama, hii nini?"

"Si imeandikwa?"

"Ulistaajabu."

"Nilistaajabu."

"Ulistaajabu nini?"

"Mabati."

Akavua miwani, akajifuta uso mzima kwa kiganja. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa haraka, na zege lilikuwa limechelewa wiki mbili. "Sikiliza," akasema, akashusha sauti kama tunapanga kuiba. "Nina ukurasa mpya hapa. Andika upepo, tia sahihi, rudi juu. Wewe na mimi tumemaliza."

"Kipima upepo kilionyesha nne. Na nne si upepo, hata karatasi hairuki."

"Na nani atakiangalia kipima upepo?"

Hapo ndipo aliponiudhi. Aliyenifundisha kreni alikuwa fundi hodari, mikono yake laini kama ya mshonaji, na kwa juma zima breki ilikuwa inateleza na yeye anaandika upepo, kwa kuwa hitilafu huleta wakaguzi na wakaguzi huleta maneno. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Nilijua, nikanyamaza. Siku ya nane breki iliachia, na mfunga nondo mmoja akapoteza mguu kuanzia kwenye goti. Siku hiyo nilikula kiapo kwamba daftari likiwa mikononi mwangu halitasema uongo, hata wa neno moja, hata wa kunisaidia mimi. Nilimweleza msimamizi yote haya. Akasema pole, kisha akasema nimeshushwa kwenye kreni.

"Unaijua kanuni yetu," akasema. "Mwendeshaji akishushwa hapandi tena mpaka alete sahihi tatu. Ya daktari, yangu, na ya mpiga ishara wake. Ya daktari ndiyo ngumu. Ya Taratibu utaipata hata ukiwa unatembea."

"Zote tatu nitazileta," nikamwambia. "Na upepo siandiki." Nikatoka nikaubamiza mlango wa kontena mpaka kalenda ikaanguka ndani. Nikalazimika kurudi kuiokota, na hapo ukali wangu wote ukaniishia.

Nyumbani dada yangu alikuwa anapiga pasi. Ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea, na ni mtu wa sala kweli, si wa kujionyesha. Nilimsimulia. Akaisimamisha pasi wima, akashika kifua.

"Umetembelewa," akasema.

"Dada, nilikuwa natazama mabati."

"Umetembelewa, mdogo wangu. Umeitwa. Siku ya ibada utasimama mbele ya watu useme."

"Kama nimeitwa, sikusikia jina langu. Mimi nataka kurudi kazini tu."

Nilitegemea anikemee. Badala yake akaketi kwenye kiti cha jikoni, macho yakamjaa maji. "Miaka thelathini napiga magoti," akasema. "Thelathini. Magoti yangu yamekuwa na sugu kama ya ngamia. Sijawahi kupewa hata dakika moja ya hizo zako. Na wewe, usiyemaliza hata sala ya chakula, unapewa saba, juu ya chuma."

Niliona aibu kama mtu aliyepewa zawadi ya mwenzake kwa makosa. Nikachukua pasi nikamalizia nguo zake. Baada ya muda akauliza, sauti imetulia, "Na ulipozinduka, wa kwanza kumfikiria alikuwa nani?"

"Hakuna. Nilifikiria zege lisije likaganda kwenye ndoo."

"Mh," akasema dada.

Daktari wa akili alikuwa binti mdogo, wa umri wa kuwa mwanangu. Aliniamkia kwa heshima kabla ya kunihoji, nikampenda papo hapo. Wiki nzima alinipima: damu, macho, masikio, usingizi, nyaya kichwani kama taa za sherehe. Aliniuliza kama nimewahi kuanguka kifafa, kama navuta kitu, kama nimefiwa karibuni. Hapana, hapana, hapana. Ndipo akatoa karatasi nyingine.

"Mama, pale ulijiona mdogo?"

"Mdogo sana. Lakini sikuonewa."

Akatabasamu, akaandika. "Muda ulikwendaje?"

"Haukwenda. Ulikaa."

"Ulijihisi umeungana na wengine?"

"Na mji mzima, mwanangu. Hata wale nisioelewana nao."

"Ulisikia sauti yoyote? Mtu anakuita, anakuambia jambo?"

"Hata moja. Kimya kitupu." Nilijibu hilo kwa kujidai, maana najua watu wanaosikia sauti hupelekwa wapi.

"Uliogopa?"

"Sikuogopa."

Hapo alisimamisha kalamu. "Wengi huogopa kidogo. Hali hii huwa na uzuri na hofu ndani yake, vyote pamoja."

"Basi mimi nilikatiwa kipande kisicho na hofu."

Akanieleza, bila maneno makubwa. Akili ina vyombo vyake vya kupimia dunia, na siku nyingi vyombo hivyo vinatosha. Mara chache huja kitu kisichoenea kwenye chombo chochote, na akili husimama ili iunde kikubwa zaidi. Wakati inaunda, ile kelele ya kujifikiria wewe mwenyewe hunyamaza. Huwapata wanaosali na wasiosali, kwenye milima, kwenye vyumba vya kujifungulia, hata kwenye foleni. Si ugonjwa. "Lakini siwezi kumwandikia msimamizi wako kwamba haitarudi," akasema. "Hilo halijui mtu." Akatia sahihi. Ya kwanza hiyo.

Msimamizi alikuwa ameniandalia karatasi yenye mstari mmoja: "Naahidi haitatokea tena." Nilimrudishia. Ningeahidije kitu ambacho hata sikujua kilikotoka? Tulibishana siku tatu. Mwendesha kreni waliyemleta badala yangu alikuwa anashusha ndoo kama anayeshusha mayai, nguzo zinachelewa, na mimi kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu niko mlangoni kwa msimamizi na buti zangu miguuni. Siku ya tatu alinitupia kalamu. "Andika unachoweza kuahidi, mwanamke mbishi wewe." Nikaandika: "Ikitokea tena nitafunga breki kama nilivyofunga, na nitaandika ukweli kama nilivyoandika." Akasoma, akasonya, akatia sahihi. Ya pili.

Nikaenda kumtafuta Taratibu nikipiga mluzi. Haki ya Mungu, nilikuwa napiga mluzi.

Alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, anakunja kamba ya kuongozea ndoo. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye sauti nzito isiyopanda wala kushuka, ndiyo maana anafaa kwenye redio. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikakumbuka kwamba tangu siku ile hatujazungumza. Nilikuwa na shughuli nyingi.

"Kaka, nimekuletea karatasi. Imebaki sahihi yako tu."

"Naiona."

"Basi tia, nikajiandae. Kesho nakurudia sikioni."

Akaendelea kukunja kamba. "Kwanza niambie nilikuwa wapi."

"Wapi, lini?"

"Siku ile. Dakika zako saba. Mimi nilikuwa wapi?"

Nilijua alikuwa ghorofa ya tisa. Zaidi ya hapo sikujua lolote. Akasimama, akatangulia ngazi, nami nikamfuata kwa kuwa hakuniachia njia nyingine.

Kwenye ile kona, nguzo ilikuwa imeshakauka. Akanionyesha. Huku nyuma ni ukingo wa jengo na hewa tupu. Kulia ilikuwa fremu ya mbao ya nguzo. Kushoto nondo zimesimama wima, zimesongamana hata paka hapiti. Mbele ndiyo njia ya kutokea, na juu ya hiyo njia ndipo ilipokuwa ndoo yangu. "Wale wamiminaji wawili walikuwa upande wa pili," akasema. "Uliposema simama, walisikia kwenye redio yangu, wakaenda kupumzika. Kwao simama ni simama. Mimi nilikuwa hapa."

Akajibana kwenye ile pembe kunionyesha. Mgongo wake uligusa kile kikamba chembamba cha usalama ambacho, tukiambiana ukweli, hakiwezi kumshika hata mbuzi.

"Kutoka, lazima nipite chini ya tani mbili na nusu. Kubaki, nina shimo la ghorofa tisa mgongoni. Na wewe umesema simama, hukusema kwa nini. Nikajua breki imekufa. Nikajua unapigana nayo kule juu ndiyo maana husemi. Ndoo ilikuwa inazunguka kidogo kidogo. Nimeliona tumbo lake lote. Nalijua kila mkwaruzo." Akajitoa kwenye ile pembe. "Nilikuita."

"Lini?"

"Mara kumi na moja. Nilihesabu, sikuwa na kingine cha kufanya. Mwanzo nilisema, Mama Juu, vipi. Kisha nikasema inua, shusha, fanya lolote. Ya mwisho nilitaja jina la mwanangu. Sijui kwa nini nilikutajia wewe."

Loo! Sikusikia. Sikusikia hata moja, na redio ilikuwa inchi mbili kutoka sikioni. Nilikumbuka nilivyomwambia daktari kwa kujidai kwamba sikusikia sauti yoyote. Nilikuwa nimejaa mapenzi kwa watu wa mji mzima, kwa mchemsha maji na mtafuta kiatu, na mtu mmoja wa kweli mwenye jina alikuwa ananiita chini ya mikono yangu. Ile hofu aliyoiulizia daktari ilikuwepo. Ilikuwa huku chini, kwake yeye, yote.

"Mbona hukumwambia mtu?" nikauliza.

"Nilikuwa nangoja uje uniulize." Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka. "Wiki mbili. Umekwenda kwa daktari, umegombana na msimamizi mpaka kalenda zinaanguka, jengo zima linasimulia ulichokiona wewe. Mimi hakuna aliyeniuliza niliona nini. Na kwenye daftari ukaandika mzigo ulikuwa salama."

Niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. "Nisamehe, kaka," nikasema. Yeye akasema tu, "Nimesikia." Nilishuka zile ghorofa tisa, na kila ghorofa nilikuwa najitukana kwa tusi jipya. Mimi mwenye kiapo! Mimi nisiyeandika upepo! Nilikuwa nimeulinda ukweli wangu kama mali, kumbe nimeulinda nusu. Lakini nilipofika chini nilikuwa nimekata shauri. Sikutaka tena kupanda kwa karatasi ile.

Msimamizi aliponiona nimeshika daftari alidhani nimekuja kusaini zamu. Niliandika mbele yake, chini ya mstari wangu wa kwanza: "Sahihisho. Mpiga ishara aliita mara kumi na moja. Sikusikia. Mzigo haukuwa salama, alikuwepo mtu." Akasoma. Akasoma tena.

"Wewe mama una wazimu kweli," akasema polepole. "Ulikuwa umebakiza sahihi moja. Moja! Sasa yangu naifuta."

"Ifute."

"Na huenda usipande tena maisha yako yote."

"Nitapanda," nikasema. "Lakini si hivyo nilivyokuwa napanda."

Alinipeleka stoo. Mchana nilikuwa naosha ndoo za zege na kupanga minyororo, mimi niliyekuwa napita juu ya vichwa vyao. Vijana wakaniita Mama Chini, nikawaambia waendelee kucheka lakini waoshe buti zao kabla ya kuingia stoo kwangu. Jioni nilimwandama fundi umeme. Nilikuwa nimesikia kwamba madereva wa treni wana kikanyagio, ambacho dereva lazima akikanyage kila baada ya muda mfupi, asipokikanyaga king'ora kinalia. Nikataka kama hicho kibandani. Fundi akasema haiwezekani. Siku ya pili akasema inawezekana lakini ni kazi. Siku ya tano akasema niache kumfuata mpaka chooni, atatengeneza. Tulikaa naye wiki tatu juu ya vipande vya nyaya, mimi nashika tochi, nauliza maswali, yeye anasema hajawahi kuona mtu king'ang'anizi kama mimi. Nusu dakika bila kukanyaga, king'ora kinalia kibandani na ghorofani, na taa nyekundu inawaka ili watu watoke chini ya mzigo.

Siku ya kukijaribu walinipandisha na fundi. Akaniambia nikae, nisikanyage. King'ora kilipolia, fundi rangi aliyekuwa chini aliitupa brashi yake hewani, na mimi mwenyewe nilikaribia kupasua kioo kwa kichwa. Msimamizi alisimama chini ameziba masikio yote mawili. Jioni ile alitia sahihi upya, tena akasema kila kreni ya kampuni iwekwe kile kikanyagio. Daktari naye alinipima tena, akatia yake.

Nikarudi kwa Taratibu. Safari hii sikupiga mluzi. Nilimpa karatasi nikanyamaza, jambo ambalo dada yangu angelipia kiti cha mbele kulishuhudia.

Aliichukua. "Miaka sita nakuelekeza," akasema, "sijawahi kufika huko juu. Nipandishe kwanza."

Tulipanda asubuhi, kabla ya kazi kuanza. Ngazi ya kreni ina vipago mia mbili na ishirini, na mtu asiyezoea hufika akiwa amelowa jasho. Kila tukipumzika alikuwa anashika chuma kwa mikono miwili na kutazama mbele tu. Kibandani nilimpa kiti changu, mimi nikasimama nyuma yake nimejibana mlangoni. Mvua haikuwa imenyesha. Mabati yalikuwa makavu, mengine yana kutu, mengine yamewekewa mawe yasipeperuke. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika shuka. Taratibu akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Mabati tu."

"Mabati tu, kaka."

Akatikisa kichwa. Nilidhani amemaliza, kumbe ameinama, ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha sakafuni ambacho sisi tunatazamia mzigo. Chini kabisa, kwenye ile kona ya ghorofa ya tisa, mfunga nondo mmoja alikuwa amefika mapema, anavaa glavu zake. Kutoka pale juu, kofia yake ngumu haizidi kifuniko cha chupa.

"Nilikuwa pale?"

"Hapo hapo alipo yule."

Akamtazama yule mtu mpaka akamaliza kuvaa glavu zote mbili. "Kumbe nilikuwa mdogo hivi," akasema.

Ningeweza kumwambia chochote hapo. Ningesema umbali hudanganya, au kwamba moyoni mwangu yeye ni mkubwa. Karatasi ilikuwa magotini mwake, na kalamu mfukoni mwangu, na miaka yangu tisa yote ilikuwa kwenye kile kiti alichokalia. "Siku ile, kaka," nikasema, "hata udogo huo sikuuona. Niliwaona watu wa mji mzima. Wewe sikukuona."

Nje nyaya zilikuwa zinalia kidogo kama kawaida yake asubuhi. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka, nikampa kalamu, akatia sahihi juu ya goti lake, polepole, herufi moja moja.

"Ikikujia tena," akasema, "mtazame aliyeko chini kwanza. Mimi nikishatoka, tazama mpaka uchoke."

Akageuka akaanza kushuka. Mimi sikukaa. Nilisimama juu ya kile kioo cha sakafu nikamfuata kwa macho kipago kwa kipago, mia mbili na ishirini, mpaka akakanyaga ardhi, akasogea pembeni, akainua mkono. Nami nikainua wangu, ndipo nikakaa.